Shahidi Kutoka Sericho

Mume wangu aliuawa akiwa likizoni, na kwa sababu hiyo alizikwa kama raia.

Alikuwa sajenti. Alikuwa amekaa mwaka mmoja na nusu kwenye kambi ndogo upande wa mashariki wa kaunti yetu, akilinda visima na barabara. Siku aliyopewa likizo alivua sare, akaikunja ndani ya begi, akavaa shati la buluu nililomshonea mwenyewe, akaenda kusubiri gari la kuja Isiolo kwenye hoteli moja ya mabati kando ya barabara. Alinipigia simu akiwa hapo. Aliuliza kama mtoto wetu mdogo bado anakohoa. Nikamwambia amepona. Akasema, "Basi nikija sitaki kumkuta amelala, mwambie aningoje." Kufika saa nane mchana simu yake ilikuwa haishiki tena.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye veranda ya duka moja hapa mjini, nyuma ya soko. Mwenye duka ndiye aliyetoka nje na simu sikioni, akasema, "Wamevamia hoteli huko chini. Watu watatu wamekufa." Alikuwa hajui kwamba mume wangu yuko njiani. Nilikuwa natia kola kwenye shati la shule, na sikusimama. Niliendelea kukanyaga cherehani mpaka kola ikaisha. Nilipoinua lile shati nikaona nimeishona kola ndani nje. Nilimwonyesha yule mwenye duka, naye akaelewa bila kuambiwa.

Tulimzika Ngaremara, kwao. Mwili uliletwa na gari la kijeshi lakini jeneza halikufunikwa bendera. Hapakuwa na tarumbeta. Wenzake wanne walikuja kwa nauli zao, wamevaa nguo za nyumbani, wakasimama nyuma ya watu kama wageni wasioalikwa. Mama mkwe wangu, mama wa Kiturkana ambaye hajawahi kumwogopa mtu, aliwaendea akawauliza kwa lugha yake, "Ni nani kati yenu alikuwa naye?" Niliwatafsiria. Wakainamisha vichwa. Hakuna aliyekuwa naye.

Wiki chache baadaye niliitwa kwenye ofisi ya jeshi. Karani alikuwa mtu mpole, alinipa kiti, akanipa pole. Kisha akafungua faili.

"Mama, marehemu alikuwa likizo. Hakufa kazini. Amehesabiwa kama abiria yeyote aliyekuwa pale."

"Abiria?" nikamwuliza.

"Ndivyo sheria ilivyo, mama. Ile haki ya miaka aliyofanya kazi utapata. Lakini nishani, mazishi ya kijeshi, karo ya watoto, matibabu, na jina kuwekwa ukutani, hayo ni ya waliokufa vitani."

Ukuta wenyewe nilipita mbele yake nikitoka. Ulikuwa na vibao vidogo vya shaba vilivyopangwa safu kwa safu, na nafasi nyingi tupu. Nilisimama hapo nikiwa nimeshika mkoba wangu kifuani. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kifo ndicho jambo baya kabisa linaloweza kukupata. Sikujua kwamba mtu anaweza kufa, halafu akaambiwa amefia mahali pasipo pake.

Miaka sita ikapita. Watoto wakakua. Nilishona sare za shule mpaka macho yakaanza kuhitaji miwani. Mama mkwe aliendelea kuuliza swali lake kila nilipokwenda Ngaremara. Alikuwa amekubali kwamba mwanawe amekufa. Alichotaka ni kujua amekufaje, na mimi nilikuwa na maneno yaleyale ya redio: hoteli, watu watatu.

Kisha nikapigiwa simu. Mwanamke mwenye sauti ya haraka alijitambulisha kuwa kapteni, akasema utaratibu umebadilika. Mwanajeshi akiuawa hapa nchini na magaidi kwa sababu tu ni mwanajeshi, sasa anahesabiwa amefia vitani, hata kama alikuwa likizoni. Faili za zamani zinafunguliwa upya.

"Lakini ni lazima ithibitike kwamba walimlenga yeye kwa ajili ya kazi yake," akasema. "Hapa kwenye faili imeandikwa tu alikuwepo. Unamjua mtu yeyote aliyeona?"

Sikumjua. Nikaanza kuulizia madereva wa malori yanayoleta ng'ombe sokoni. Kwa siku kadhaa niliacha cherehani nikaenda kusimama kati ya malori, nikiwauliza watu wenye haraka. Hatimaye dereva mmoja mzee, shavu limejaa miraa, akaniambia mwenye hoteli ile alishahama. "Lakini kulikuwa na mama akiuza maziwa ya ngamia mlangoni pa hiyo hoteli. Alirudi kwao Sericho. Ukifika, uliza mama wa maziwa, watakuonyesha."

Niliondoka alfajiri, nimekaa juu ya magunia ya unga nyuma ya landkruza, na tukafika alasiri vumbi likiwa limeniingia hadi kwenye meno. Jambo la kwanza nililoliona Sericho ni mitungi ya plastiki ya manjano, imepangwa mstari mrefu juani, ikingoja lori la maji ambalo halikuwa limekuja tangu juzi. Mtoto mmoja wa kike alinipeleka kwenye nyumba ya mikeka na mabati, kisha akakimbia zake.

Mama mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunika mtandio mweusi uliopauka.

"Salaam aleikum," nikasema. Mimi ni Mkristo, lakini hapa kwetu unamsalimu mtu kwa salamu yake.

"Aleikum salaam. Karibu. Kaa kwanza."

Akaniletea kikombe cha maji, kimejaa hadi ukingoni. Baada ya kuiona ile mitungi, niliona haya kukinywa, lakini alisimama juu yangu mpaka nikakimaliza. Ndipo nikamwambia mimi ni nani. Alikaa chini taratibu, akanitazama usoni muda mrefu.

"Wewe ni bibi ya sajenti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa naniita mama. Yeye ndiye alikuwa nanunua maziwa ya kambi. Hata hiyo siku alikunywa yangu."

Nilianza kulia palepale. Miaka sita, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia kitu alichokifanya mume wangu siku ile. Nilipotulia nikamweleza habari ya kapteni na faili, na kwamba wanataka mtu aliyeona kwa macho yake.

"Wataniuliza yote?" akasema.

"Watakuuliza ulichokiona tu, mama. Usiogope. Ni watu wazuri."

"Yote," akarudia, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Alivuta mtandio mbele kidogo. Nje mtu aliita kwamba lori la maji linaonekana, na watu wakaanza kukimbia na mitungi, lakini yeye hakuinuka. "Nitakuja," akasema.

Nilidhani anawaogopa maafisa. Nilirudi mjini nikiwa na furaha ambayo ninapoikumbuka sasa inanitia aibu.

Alikuja baada ya wiki mbili, na kwa sababu siku ya kusikilizwa ilikuwa bado, alikaa nyumbani kwangu siku mbili. Aliniletea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Alimsuka binti yangu nywele, akiketi nyuma yake kwenye mkeka, na binti yangu, ambaye hapendi kushikwa kichwa, akatulia kama maji ya mtungini. Aliswali chumbani kwangu. Watoto walimwita nyanya kabla sijawaambia wamwite nani. Nilimsikia akimwambia mkubwa, "Baba yako alikuwa mtu ya kucheka." Nilijifungia jikoni.

Siku yenyewe tuliingia kwenye chumba chenye meza ndefu. Walikuwa maafisa watatu, na yule kapteni ndiye aliyekuwa akiandika. Mama akaapa kwa msahafu. Kapteni akamwambia aeleze kwa njia yake, asiharakishe.

"Walikuja watu inne, na miguu," akaanza. "Uso wamefunga. Walisema kila mtu alale chini. Tukalala. Watu wawili walikimbia, wakapigwa risasi hapo mlangoni. Halafu mmoja akapita katikati yetu, anaangalia sura ya watu. Alifika kwa sajenti, akasimama. Akasema, 'Huyu ni askari.' Ndio wakampiga."

"Una hakika alisema hivyo?"

"Nilikuwa hapa, yeye hapo." Alionyesha upana wa meza.

Hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tukiyahitaji. Nilitaka kusimama nimshike mikono. Lakini kapteni alikuwa bado ameshika kalamu.

"Mama, marehemu alikuwa amevaa nguo za kiraia. Sare ilikuwa kwenye begi. Huyo mtu alimjuaje?"

Mama akatazama mikono yake.

"Alimjua kwa sababu wakati mimi ni mgonjwa, yeye ndiye alikuwa napeleka maziwa kambini."

"Yeye nani?"

"Mtoto yangu."

Kalamu ikasimama. Afisa mmoja aliyekuwa ameegemea kiti akakaa wima. Mimi nilisikia masikio yangu yakivuma, na kwa muda nilikuwa naona midomo ya watu ikitembea bila kusikia. Nilichokifikiria wakati huo, Mungu anajua, ni nywele za binti yangu. Nilifikiria vile vidole vilivyopita kichwani mwake.

Sauti iliporudi, kapteni alikuwa anauliza, "Si ulisema walifunga nyuso?"

"Uso alifunga. Sauti hawezi kufunga. Mimi ndiye nilimfundisha kuongea."

"Alikuona?"

"Aliniona. Nilikuwa nimelala chini. Aliniruka kama gogo, akaenda."

Alieleza kwamba kijana wake alikuwa ameondoka nyumbani mwaka mmoja kabla, mtu mzima mwenye miaka ishirini na mitatu, akisema anaenda kutafuta kazi. Hakuwahi kurudi baada ya siku ile. Watu walimletea habari kwamba alifia ng'ambo ya mpaka. Kaburi hakuonyeshwa.

"Na miaka hii yote hukumwambia mtu," kapteni akasema. Hakuwa mkali.

"Hapana."

"Kwa nini leo?"

"Watoto wa huyu wanaambiwa baba yao alikuwa anapita tu." Hakunitazama. "Hakuwa anapita. Aliuawa kwa sababu ya kazi yake. Na mimi ndiye ninajua."

Walimletea wino. Akaweka kidole gumba, akakifuta kwa ukingo wa mtandio.

Nje, kwenye jua, nilimsimamisha kabla hatujafika getini.

"Ulijua nilipokuja kwako?"

"Nilijua."

"Ukanipa maji. Ukalala kwangu. Mbona hukuniambia Sericho?"

"Ningekuambia, ungenileta hapa?"

Hasira ilinipanda. Nilimwacha. Nilimwacha mwanamke wa umri wa mama yangu getini, katika mji asimokuwa na ndugu, nikavuka barabara nikaita boda boda na sikugeuka.

Sikuweza kwenda nyumbani ambako mkeka wake ulikuwa bado umetandikwa. Nilikwenda Ngaremara. Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini akichambua maharagwe. Nilimweleza yote kwa Kiturkana, nikimaliza neno moja nikisitasita kwenda kwenye lingine, nikitarajia apige mayowe. Hakupiga. Mikono yake iliacha kusonga, basi.

"Kwa hiyo kuna mtu alikuwa karibu naye," akasema.

"Mama, umenisikia? Ni mwanawe aliyemwonyesha kidole."

"Nimekusikia. Miaka sita ninauliza, hakuna aliyenijibu. Wewe umempata anayejua, ukamwacha getini?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ofisini. Nilimtazama mwanamke huyu ambaye nilikuwa namjua tangu niolewe, nikaona simjui.

Kesho yake asubuhi nilimtafuta mjini. Nilimkuta soko la mifugo, pamoja na watu wa Sericho waliokuwa wameuza mbuzi na wanangoja gari. Alikuwa amelala kwa mwanamke mmoja aliyefahamiana naye msikitini. Aliponiona alisimama.

"Mama mkwe wangu anataka kukuona," nikasema.

"Anataka kunifanya nini?"

"Anataka kukuuliza."

"Na wewe?"

"Mimi sijui, mama."

Akakubali. Njiani hadi Ngaremara hatukusemezana. Tulipofika, mama mkwe alikuwa ametoa viti viwili nje na kuviweka karibu karibu. Mmoja hajui Kiturkana, mwingine hajui Kiborana, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

"Mwulize, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa na kikombe. Aliniambia niongeze maziwa. Nilikuwa nainua mtungi."

"Mwulize, aliita mtu?"

"Hapana. Haikuchukua muda."

"Mwulize, alibaki peke yake pale chini?"

Hapo mama wa maziwa alishika ncha ya mtandio wake. "Walipoondoka nilitambaa kwake. Nilimfunika na mtandio yangu, nzi wasimwingie. Nilikaa naye mpaka magari ya jeshi ikakuja."

Nilishindwa kutafsiri. Kwenye begi la mume wangu lililorudishwa kwangu kulikuwa na mtandio mweusi wa kike, umekakamaa kwa damu. Sikuwahi kumwambia mtu. Miaka sita nilikuwa nimejiuliza ni wa mwanamke gani, na kuna usiku niliomchukia marehemu kwa ajili yake, mpaka nikauchoma nyuma ya nyumba. Mama mkwe alinigusa goti, akasema, "Amesema nini?" Nikamwambia. Kisha akanyoosha mkono akaushika ule mkono wa mama wa maziwa, wenye wino wa zambarau kwenye kidole gumba, akaushikilia. Hakusema kwamba amesamehe. Hakuna aliyelitaja neno hilo siku ile, nami sikulitafsiri kwa sababu halikusemwa.

Barua ilikuja miezi mitatu baadaye. Mume wangu alikuwa amehesabiwa kuwa amefia vitani. Jeshi lingekuja kumpa heshima zake kaburini.

Walikuja wamevaa sare zilizonyooshwa, na tarumbeta, na bendera waliyoitandaza juu ya mawe ya kaburi ambalo tayari lilikuwa limeota nyasi. Padri aliomba. Mama wa maziwa alikuja pia, kwa mwaliko wa mama mkwe, akasimama nyuma kabisa. Watu wa kwetu walikuwa wameshajua yeye ni nani. Wengine walihama kutoka alipokuwa, na hakuna aliyewakemea.

Halafu wakapiga risasi hewani, zile za heshima. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kututahadharisha. Mbuzi walitawanyika. Mwanangu mdogo alinikumbatia kiuno. Nilipogeuka nikaona mama wa maziwa amejitupa chini, kifudifudi, mikono juu ya kichwa, mtandio umemvuka. Hakulia. Alilala tu kimya kama alivyolala siku ile, akingoja kurukwa.

Askari hawakujua la kufanya. Tarumbeta ilichelewa. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri, aliondoka kwenye kiti chake cha mbele, akapita mbele ya maafisa wote na shanga zake shingoni, akaketi vumbini kando ya yule mwanamke, akaweka kiganja mgongoni mwake. Akawapungia askari mkono waendelee. Wakaendelea. Bendera ikakunjwa, ikawekwa mikononi mwangu, na nishani ndani ya kisanduku chekundu. Kapteni alipoinama kunipa alikuwa na machozi. "Tungewaambia kuhusu risasi," akaninong'oneza. Nikamwambia ndiyo, mngetuambia.

Siku hizi watoto wanasomeshwa na jeshi, na mama mkwe anatibiwa magoti katika hospitali yao. Ana kadi anayoificha kifuani na kumwonyesha kila mgeni. Jina la mume wangu liko ukutani, safu ya tano. Nilikwenda kuliona mara moja.

Mama wa maziwa alilipa kwa njia yake. Baadhi ya ndugu zake Sericho waliacha kumsalimu, wakisema amemwaga siri ya nyumba mbele ya serikali. Ananipigia simu mara kwa mara. Mwanzoni niliiacha ilie mpaka ikate, kisha nikaanza kupokea. Ananiambia kama mvua imenyesha, kama lori la maji limekuja. Binti yangu huninyang'anya simu amsalimie. Sijawahi kumwuliza mwanawe aliitwa nani, na yeye hajawahi kulitaja jina hilo. Wiki iliyopita aliniambia ngamia wake amezaa, na kwamba maziwa yakianza kupatikana atanitumia kwa dereva. Nikamwambia atume.